Seli za Ua la Tume

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa, na msomaji akihisi kwamba anaijua, hilo ni jambo lake na dhamiri yake. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na moja, na kwamba asubuhi moja Mlezi Mkuu wa nchi hiyo, akiwa katika matembezi ya kupunguza tumbo, alisimama mbele ya mti uliokuwa nje ya ikulu akauliza ni mti gani. Nyuma yake walikuwako mawaziri tisa, makatibu wakuu kumi na wanne na mkuu wa majeshi. Hakuna aliyejua. Waziri wa Misitu, kwa kuona kimya kimezidi, alisema kwamba ni mti wa serikali.

Mlezi Mkuu akatikisa kichwa, akarudi ndani bila kumaliza matembezi. Kabla ya adhuhuri redio ikatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu atakayeajiriwa na umma wala kupandishwa cheo, awe hakimu, dereva au mchimba makaburi wa manispaa, mpaka afaulu mtihani wa elimu ya mimea. Mawaziri tangazo halikuwagusa, kwa kuwa wao walikuwa wameshaajiriwa.

Sikudhani Chitanda alizisikia habari hizo katika chumba cha walimu cha shule ya sekondari ya Mabanda Saba, ambako alikuwa amefundisha bayolojia kwa miaka tisa kama mwalimu wa muda. Wenzake waliguna. Yeye moyo ulimwenda mbio, maana mimea ndiyo kitu alichokijua vizuri kuliko vyote hapa duniani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mwisho wa umri wa kuomba kazi za utaalamu ulikuwa thelathini na mitano. Mtihani huo ungekuwa wake wa kwanza na wa mwisho.

Nafasi aliyoitaka ilikuwa moja tu: Afisa wa Kituo cha Mbegu, Nyalwendo, kwao. Muhogo wa Nyalwendo ulikuwa umeshikwa na batobato kwa misimu mitatu. Majani yalikunjamana yakajaa madoa ya njano, mizizi ikawa myembamba kama vidole. Mama yake, Bi Asumini, aling'oa shamba zima akapata kikapu kimoja. Dawa ya ugonjwa ule haikuwa siri: kung'oa mashina yaliyougua, kuyachoma, na kupanda pingili safi. Pingili safi zilitakiwa zitoke Kituo cha Mbegu, na Kituo cha Mbegu kilikuwa na kufuli mlangoni. Afisa wa mwisho alikuwa amestaafu, na barua ya kumtafuta mwingine ilikuwa bado inazunguka ofisi kwa ofisi ikipigwa mihuri.

Basi Sikudhani akajiandikisha. Watu wa Mabanda Saba, waliposikia kwamba mwalimu wa mimea yuko mtaani kwao, wakamjia makundi kwa makundi, naye akawafungulia darasa la jioni katika banda la chama cha ushirika wa pamba, ambacho kilikuwa kimebaki banda tu. Alikuja mkunga aliyezalisha nusu ya mji huo na sasa akaambiwa hajui mimea. Walikuja madereva, makarani, na polisi wawili waliotaka kupandishwa cheo. Alikuja pia Ngwali Hemedi, fundi saa, mtu wa makamo, mpole, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameomba kazi ya kuitunza saa ya mnara wa manispaa. Saa hiyo ilikuwa imesimama kwenye saa kumi na dakika saba tangu enzi ya meya wa kwanza, na Ngwali alikuwa akiipita kila siku kwa uchungu, kama daktari anayempita mgonjwa ambaye yeye haruhusiwi kumtibu.

Kisha kikaja kitabu.

Kitabu rasmi cha mtihani kiliitwa *Mimea na Utii* na kiliandikwa na Mwenyekiti wa Tume ya Ajira, Profesa Mikogo, ambaye uprofesa wake ulikuwa wa itifaki. Sikudhani alikifungua kwa hamu, akakifunga baada ya kurasa nne, akaenda kunawa mikono. Mle ndani mimea iligawanywa makundi matatu: mimea mitiifu, mimea isiyo na msimamo, na magugu. Mizizi, kitabu kilisema, huelekea chini kwa sababu ya heshima. Majani ni ya kijani kwa kuwa kijani ndiyo rangi iliyo juu kabisa katika bendera. Usanisinuru ulielezwa kwa mstari mmoja: mmea hupokea nuru kutoka mji mkuu na kuigeuza kuwa shukrani.

Akarudi akasoma tena, kwa sababu ndicho kitakachotumiwa kusahihishia mtihani. Kila ukurasa ulimtia kinyaa, kama mtu anayelazimishwa kunywa maji aliyoona ndani yake kitu kinaelea. Darasani akawaambia wanafunzi wake wawe na madaftari mawili. La kwanza ni la mtihani. Humo waandike anavyosema Profesa. La pili ni la mimea.

Siku hiyo Ngwali alinyoosha mkono. Alikuwa mzito wa kukariri, na sentensi za Profesa zilimponyoka kila alipozishika.

“Mwalimu, lipi ndilo sahihi?”

“Kwa mtihani, la kwanza.”

“Na kwa mmea?”

Sikudhani akamwambia kwamba mmea haufanyi mtihani. Darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, ingawa jibu hilo alilichukia mara lilipomtoka.

Katika lile daftari la pili Ngwali alikuwa mtu mwingine. Kwa vile macho yake yalizoea magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, alichora jani kwa namna ambayo mwalimu wake hakuwahi kuiona kwa mwanafunzi. Sikudhani alikuwa na sheria moja ya uchoraji, akairudia kila jioni: chora unachokiona, usichore unachokijua. Usichokiona usikichore kabisa, hata kama kitabu kinasema kipo. Ngwali aliipenda sheria hiyo. Alisema ndiyo sheria ya saa.

Mtihani wa nadharia ulifanyika uwanja wa mpira, watahiniwa elfu sitini na moja wakiwa wamekaa kwenye nyasi ambazo hawakuruhusiwa kuzitazama, kwa kuwa ungekuwa wizi wa mtihani. Swali la kwanza lilitaka mtahiniwa aeleze kwa nini mizizi huelekea chini. Sikudhani akaandika: kwa sababu ya heshima. Akaandika mengine yote namna hiyo hiyo, neno kwa neno, huku akijiambia kwamba haya ni maneno tu, na maneno hayamdhuru mtu, na akishapata ufunguo wa kile kituo atayatapika yote. Alipotoka uwanjani mdomo ulikuwa mchungu. Alipata mia kwa mia. Ngwali alipita kwa alama moja.

Waliofaulu nadharia waliitwa mji mkuu kwa mtihani wa vitendo, katika ukumbi wa Tume. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha bendera, kulikuwa na chungu chenye ua jekundu. Kando yake alisimama mama mmoja mwenye sare na ndoo ya kumwagilia, na kila baada ya nusu saa alilimwagilia lile ua kwa adabu kubwa. Kazi ya watahiniwa ilikuwa moja: mtu apewe kipande cha petali, akiweke kwenye hadubini, na achore seli anazoziona.

Zamu yake ilipofika, Sikudhani aliinama akatazama. Alisogeza kioo, akatazama tena. Aliona uzi wa mshono wa kiwandani. Aliona vumbi. Pembeni ya petali aliona namba saba imechapwa, ndogo, nadhifu. Seli haikuwako hata moja, na haikuwezekana iwepo, kwa sababu ua lilikuwa la plastiki.

Akainua kichwa. Kushoto kwake polisi mmoja alikuwa anachora seli za mraba kama matofali, amezipanga vizuri, ulimi uko nje kwa bidii. Kulia kwake mwanamke mwenye miwani ya dhahabu alikuwa ametia bendera ndogo ndani ya kila seli. Kalamu zilikuwa zikikwaruza ukumbi mzima, watu wazima wenye watoto na heshima zao, wakichora kitu ambacho hakipo, na mama mwenye sare akimwaga maji yaliyoteleza juu ya ua yakadondokea zuliani. Kinyaa kikampanda Sikudhani. Yale ya kitabu aliweza kuyaandika kwa kuwa hayakuwa yake. Haya yalikuwa macho yake. Akaandika chini ya karatasi: *Hakuna seli. Kielelezo ni cha plastiki.* Akatoka.

Siku ya tatu akaitwa.

Profesa Mikogo alimpokea vizuri sana. Alimkaribisha chai, akamuuliza hali ya mama yake, akasikitika juu ya muhogo. Wajumbe wanne wa Tume walikuwa wamekaa pembeni na kalamu mkononi. Lile ua lilikuwa mezani.

“Binti yangu,” Profesa alisema, “kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba ua hili liliingia hapa likiwa hai. Nilitia sahihi mwenyewe. Sasa unaniambia lilikufa lini?”

Sikudhani akasema halikufa, kwa kuwa halikuwahi kuwa hai.

“Kama halijafa, liko hai,” alisema Profesa, na wajumbe wakaandika.

Akaendelea kumweleza kwa upole. Yule mama mwenye ndoo alikuwa amelimwagilia ua hilo miaka miwili na kupandishwa cheo mara mbili kwa kulitunza. Mabalozi walikuwa wamelinusa. Mlezi Mkuu mwenyewe, siku ya kuzindua ukumbi, alisema linanukia. Je, Bi Chitanda alikuwa tayari kusema kwamba Mlezi Mkuu alinusa plastiki? Ndipo Profesa akamwonyesha karatasi yake ya nadharia, mia kwa mia, ya kwanza nchi nzima, na chini yake karatasi ya mwombaji mwingine wa Nyalwendo, fundi cherehani mwenye alama hamsini na mbili, aliyechora seli kama vifungo, kila kimoja na matundu manne. Kituo hakiwezi kuendelea kufungwa, Profesa alisema. Mmoja kati ya hawa wawili atapewa ufunguo kabla ya mvua.

Akasukuma mbele yake karatasi tupu na penseli.

Sikudhani aliitazama ile karatasi. Aliliona shamba la mama yake. Aliona pia fundi cherehani akigawa pingili zenye ugonjwa kwa wilaya nzima, kwa moyo safi kabisa. Akaishika penseli. Akachora.

Alianza kwa aibu, lakini mkono uliipenda kazi kuliko mwenyewe alivyotaka. Alichora kuta za seli zilizoshikana kwa ulaini, viini vimekaa pembeni kama inavyopasa, mirija ya maji, na ngozi ya petali yenye vijinundu vidogo vinavyolipatia ua mng'aro wa mahameli. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuichora. Wajumbe walisimama wakapiga makofi. Profesa akaomba autie sahihi, akautia. Alipofika chooni alitapika chai yote ya Tume.

Baada ya wiki mbili gazeti la serikali likatoa matokeo. Jina lake lilikuwa la kwanza. Mchoro wake ulichapwa nusu ukurasa, na chini yake kulikuwa na tangazo fupi: kwamba watahiniwa wengine watatu walidai hawakuona seli, kwamba mchoro wa mtahiniwa bora umethibitisha pasipo shaka kuwa seli zinaonekana, kwamba asiyeziona ana kasoro ya macho au kasoro ya moyo, na atachagua mwenyewe ni ipi. Mwenye kasoro ya moyo atapelekwa gerezani. Mwenye kasoro ya macho atapelekwa kwa daktari wa macho wa serikali, na hataajiriwa na umma kwa miaka kumi. Jina la tatu kati ya yale matatu lilikuwa la Ngwali Hemedi, fundi saa, wa Mabanda Saba.

Sikudhani alilisoma jina hilo mara nyingi. Alikusudia kwenda kumwona. Akajiambia ataenda akishahamia Nyalwendo, kisha akishafungua kituo, kisha mvua zikianza. Na kweli kituo alikifungua, na kweli alifanya kazi. Alisafisha vitalu, akatafuta pingili safi mikoa ya mbali, akapita shamba kwa shamba akiwasihi watu wang'oe mashina yaliyougua. Msimu uliofuata Bi Asumini alichimba mizizi minene kama paja la mtoto, akamsifu binti yake mbele ya majirani. Sikudhani alizipokea sifa hizo akitazama chini.

Mwaka ulipotimia Ngwali alikuja mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kugawa pingili, foleni imefika barabarani, na mkaguzi wa Tume amekaa kando ya meza kuhesabu mafungu. Sikudhani hakumtambua mara moja. Alikuwa amevaa miwani ya serikali, vioo vinene kama chini ya chupa, akitembea huku akipapasa hewa kwa mkono mmoja. Alipofika mezani alisalimia kwa adabu ile ile, akasema hakufuata mbegu. Alikuwa na swali moja.

“Niliposomewa lile tangazo nilichagua macho, kwa hofu tu,” alisema. “Moyoni nilijua ni plastiki. Halafu nikauona mchoro wako umebandikwa posta, nikasema, huyu ndiye aliyetufundisha mtu asichore asichokiona. Kwa hiyo mbovu ni mimi. Nikaacha saa za watu, Mwalimu, nisije nikaziharibu. Lakini kila nikikaa nawaza. Uliziona kweli?”

Foleni ilikuwa inasikiliza. Mkaguzi alikuwa ameacha kuhesabu.

“Niliziona,” alisema Sikudhani.

Ngwali akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akaomba radhi kwa kumchelewesha. Alipotoka alijigonga kwenye fremu ya mlango, akaiomba radhi nayo.

Sikudhani aliendelea kugawa mpaka fungu la mwisho. Mkaguzi alipoondoka alikaa akaandika barua kwa Tume, kwa jina lake na cheo chake. Alisema hakuona seli, kwamba ua ni la plastiki, lenye namba saba, kwamba mchoro wake ni uongo alioutunga ili apate kazi, na kwamba Ngwali Hemedi na wenzake wawili walisema kweli. Aliandika nakala tatu akazipeleka posta kwa miguu yake. Kisha akaanza kufungasha vitu vyake, akingoja kufukuzwa.

Hakufukuzwa. Baada ya miezi miwili kilikuja kifurushi chenye muhuri. Tume, barua ilisema, imepokea kwa masikitiko taarifa kwamba macho ya Afisa yamedhoofu kiasi cha kutoziona tena seli ambazo mwaka jana alizichora kwa ufasaha mkubwa. Tume inathamini utumishi wake. Inamtumia pamoja na barua hii miwani moja, ambayo ataivaa saa zote za kazi.

Sikudhani akaivaa, akatoka nje kutazama vitalu. Hakuona jani, hakuona doa, hakuona mstari kati ya shina na shina. Aliona ukijani mmoja mpana, laini, usio na ugonjwa wowote. Alisimama hapo akifikiri kwamba Ngwali alikuwa ameuona ulimwengu hivi kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu yake. Akaivua. Akaufunga mlango wa kituo mchana kweupe, siku ya kazi, akasafiri kwenda Mabanda Saba.

Alimkuta barazani kwake. Kisanduku cha vifaa kilikuwa chini ya kiti, kimefungwa kwa kamba, na juu yake kuku wa nyumba hiyo walikuwa wamepafanya pa kulala. Ngwali aligeuza uso kuelekea sauti ya viatu, akauliza ni nani.

“Ni mimi, Sikudhani. Fundi, sikuona kitu. Lilikuwa plastiki. Nilikudanganya siku ile, na kabla ya siku ile.”

Ngwali alivua miwani taratibu, akaikunja, akaiweka ukingoni mwa baraza. Akakivuta kisanduku, akakipangusa kwa kiganja, akahangaika na kamba mpaka ikafunguka. Ndani mlikuwa na saa ndogo ya kike iliyoachwa wazi tangu mwaka uliopita, na magurudumu yake yalikuwa yameanza kushika kutu. Aliiinua, akaitazama kwa jicho moja, kwa karibu, muda mrefu.

“Mwaka mzima, Mwalimu,” alisema, bila kuinua uso.

Akachukua kibanio akaanza kazi. Sikudhani alibaki amesimama mbele ya baraza na mkoba wake mkononi. Hakukaribishwa kiti, naye hakuthubutu kukiomba.